Aliyeokota Tiara

Oduor, fundi wa breki wa treni pale Voi, alikuwa amekatwa miaka sita mfululizo, na mkataji alikuwa mtu yule yule. Watu wenye huruma waliacha kumkumbusha. Lakini wenye huruma hawakuwa wengi siku ya tiara, na Oduor mwenyewe hakuwa na haja ya kukumbushwa, maana aliyahesabu makato yake kama mtu anayehesabu meno yaliyong'oka.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa mafundi wa Kihindi wa reli. Kila tarehe kumi na nne Januari walirusha tiara zao kusherehekea sikukuu yao, na watu wengine wa Voi walisimama pembeni mikono nyuma, wakitazama. Mikono ya watu haikai nyuma siku zote. Mwaka mmoja Mdawida mmoja, mtu wa milima ya Taita, aliomba kushika uzi kidogo tu, mwaka uliofuata Mjaluo mmoja akaja na tiara aliyoitengeneza kwa karatasi ya kufungia sukari, na kufikia mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita kiwanja cha nyuma ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hakikuwa na mwenyewe tena. Walikuja watu wa Mwanda kule milimani na tiara zao zimefungwa mgongoni, wakata mkonge, makarani waliolegeza tai, akina mama waliotoka sokoni. Mzee Kalyanji, fundi mstaafu, alikaa kwenye kiti chake cha kamba akiwa mwamuzi. Kusoma gazeti hakuweza bila miwani, lakini uzi mwembamba ulio juu mawinguni aliuona vizuri kuliko vijana.

Mchezo ulikuwa wa vita. Vioo vya taa vilivyovunjika walivisaga vikawa unga laini walioita chupa, wakauchanganya na uji mzito wa muhogo, wakaupaka kwenye uzi wa pamba na kuuanika juani. Uzi ukishakauka ulikuwa mkali wa kukata kidole. Juu angani nyuzi mbili zikipishana, moja huikata nyingine, na tiara iliyokatwa huondoka na upepo huku kiwanja kizima, Mhindi na Mdawida na Mjaluo na Mkamba, wakipiga kelele kwa pamoja, "Imekwendaaa!"

Na sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: katika pambano la mwisho, anayekatwa ndiye anayewalisha watu wote jioni ile. Ya pili: tiara iliyokatwa si mali ya aliyeiokota. Aliyeiokota huirudisha kwa mwenyewe, kwa mkono wake, si kwa kutuma mtu, na mwenye tiara humkaribisha nyumbani kwake na kumlisha mpaka ashibe, bila kumuuliza anaondoka lini.

Hiyo ya pili Oduor aliijua vizuri. Mwaka wa hamsini na nne tiara yake ilikatwa ikaangukia behewa la mizigo lililokuwa likielekea Taveta. Baada ya siku tisa alitokea mlangoni mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Njukini, mtu asiyemfahamu hata kidogo, tiara kwapani. Alikaa kwa Oduor siku tano, akala kuku wawili, akamfundisha Rispa, mke wa Oduor, namna ya kupika maharagwe na ndizi, na siku ya kuondoka nyumba nzima ilimsindikiza stesheni kwa masikitiko. Tangu siku hiyo aliwaletea maharagwe kila mavuno.

Lakini sheria ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimuuma. Miaka sita Rispa alikuwa amewapikia watu sitini kwa sababu ya vidole vya mumewe.

Aliyemkata miaka yote hiyo aliitwa Kituku, mzaliwa wa Mwanda, mnyapara kwenye shamba la mkonge. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na haraka ya jambo lolote. Jambo lililomchoma Oduor ni kwamba huyo huyo Kituku ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa Voi nzima. Oduor alimpa vioo vya taa zilizovunjika, Kituku akampa fito za mwanzi kutoka milimani na vipande vya mti wa mkonge, vyepesi kuliko unyoya. Kila Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya kanisa, walikaa pamoja nyuma ya nyumba ya Oduor wakipaka nyuzi zao kwenye sufuria moja. Kisha baada ya wiki moja Kituku akamkata kwa uzi ule ule waliopaka pamoja! Kama si uchawi ni nini? Kalyanji alisema si uchawi. Alisema Oduor ana hasira na mkono mzito, anavuta wakati wa kuachia.

Basi mwezi wa Desemba ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa reli. Oduor amehamishiwa karakana ya Tanga, huko Tanganyika, pamoja na mkewe na mizigo yake, na aondoke kwa treni ya Taveta Jumatatu tarehe kumi na sita Januari. Oduor aliisoma mara moja, akatazama kalenda ya ukutani, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa juu ya nyumba wala mshahara.

"Tarehe kumi na nne ni Jumamosi," alisema. "Bado nina siku moja."

Alitaka kumkata Kituku mara moja tu. Hakutaka mbili. Mara moja, kwa haki, mbele ya watu wote, kabla ya kupanda treni. Alilitaka jambo hilo mpaka Rispa alimsikia akilisema usingizini.

Mwaka huo Kituku hakuja kupaka uzi. Alituma salamu kwamba kazi ya shamba imemzidi, atajipakia mwenyewe jioni jioni. Oduor alinung'unika, akapaka peke yake, tabaka mbili badala ya moja, uzi mrefu wa kuzunguka kiwanja mara nne.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka kabla ya king'ora cha karakana. Upepo ulikuwa tayari unasukuma vumbi jekundu kutoka mashariki, ukipiga mabati ya landi, na moyo wa Oduor ulikuwa unadunda kama wa bwana harusi. Alifanya zamu yake ya nusu siku bila kusikia aliyemsemesha. Aliporudi adhuhuri kubadilisha nguo alipita jikoni, akashangaa. Meko yalikuwa baridi. Miaka mingine, saa hizo, sufuria tatu zingekuwa zinatokota.

"Mama Ajwang', mbona leo hupiki?"

Rispa alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. Hakugeuka. "Mwaka huu nina imani na wewe, Baba Ajwang'. Atakayepika ni Mama Alice."

Mama Alice ndiye Tryphena, mke wa Kituku. Oduor alisimama pale mlangoni akajisikia amekua futi moja. Miaka sita mke wake alikuwa amepika kwanza ndipo akaja kiwanjani! Leo anakwenda na mikono mitupu, kwa imani. Alitamani kuimba.

Kiwanjani kulikuwa kumejaa pomoni. Tiara zaidi ya arobaini zilikuwa juu, nyekundu, kijani, za magazeti, moja hata ya karatasi ya sala za kanisa ambayo mwenyewe aliapa kwamba ilikuwa nakala iliyochanika. Wahindi walikuwa wamekuja na karai la njugu na sukari guru. Oduor alishika uzi, na Rispa akashika roda, yaani lile gurudumu la mbao lenye mikono miwili linalozungushiwa uzi. Ndiyo ilikuwa desturi, mume kwenye uzi na mke kwenye roda. Karani wa stesheni alikatwa kabla hajamaliza kujigamba. Danson, gadi wa treni ya Taveta, alikatwa na Oduor kwa mvuto mmoja, akapiga saluti na kwenda kula njugu. "Imekwendaaa! Imekwendaaa!" Sauti za watu zilikauka, wakanywa maji, wakaanza tena.

Saa kumi na nusu zikabaki tiara mbili. Nyekundu ya Oduor, na ya Kituku, nyeupe yenye mstari mweusi katikati, ambayo kila mtu aliijua, na ambayo mchana kutwa ilikuwa imekaa juu ikikwepa mapambano.

Kalyanji aliinua bakora yake. Watu wakasogea nyuma, wakawaacha wale wawili na wake zao katikati. Kituku alikuja amevaa suruali yake ya kazi, akamnyooshea Oduor mkono. "Kila la heri, ndugu yangu," alisema, na macho yake yakakimbilia pembeni. Oduor alimshika mkono ule kwa nguvu. Kuna kitu kilimgusa akilini, kitu kidogo, lakini bakora ilishuka, na nani ana muda wa kufikiri bakora ikishashuka?

Oduor aliipandisha tiara yake nyekundu juu, akaishusha kwa pembe, akaipitisha chini ya ile nyeupe. Nyuzi zikapishana.

Mwenye kurusha tiara huona kwa vidole. Nyuzi mbili zilizopakwa chupa zikigusana, mtetemo hushuka mpaka mkononi, kama msumeno unaokata mbao nyumba ya jirani. Oduor aliusubiri mtetemo ule. Haukuja. Uzi wa Kituku uliteleza juu ya wake laini kabisa, kama mlenda.

Ndipo akakumbuka kilichomgusa. Vidole vya Kituku! Kila mtu mwenye uzi wa chupa huvifunga vidole vyake vitambaa, la sivyo damu humtoka. Vya Oduor vilifungwa. Vya Danson vilifungwa. Kituku alikuwa amempa mkono mtupu.

Ilikuwa imebaki kuvuta kidogo tu. Mvuto mmoja, wa mtoto mchanga, na kelele za watu zingepasua anga, na miaka sita ingefutika. Oduor aliona jambo hilo waziwazi. Kisha akalegeza mkono wote, tiara yake ikaporomoka kama ndege aliyepigwa jiwe, ikajinasua, na yeye akaishusha mpaka chini.

Watu wakashusha macho kutoka angani, wakamtazama.

"Omera! Ndugu yangu!" Oduor alinguruma. "Kituku! Uzi wako hauna chupa!"

"Oduor, sikiliza kwanza…"

"Nisikilize nini? Miaka sita unanikata kwa haki, leo ninapoondoka unanifanya mtoto? Unanipa kama unavyompa mgonjwa uji? Afadhali ungenikata mara ya saba!" Macho yake yalikuwa yamelowa na hakujali nani anayaona. "Nilikwambia nataka kukukata. Sikukwambia nataka unihurumie."

Kituku alitazama chini. Akamtazama mkewe Tryphena, naye Tryphena akamtazama Rispa. Rispa alikuwa ameinamia roda kana kwamba imeandikwa kitu.

Yale meko baridi ya adhuhuri yakamjia Oduor akilini. Oduor akageuka polepole.

"Mama Ajwang'," alisema. "Imani yako hii ilianza lini?"

Rispa aliinua uso. Hakuwa mwanamke wa kujificha kwa muda mrefu. "Ilianza wiki iliyopita," alijibu, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Nilikwenda kwa Mama Alice mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikamwambia, amwombe mume wake akuachie mara moja tu, usije ukaenda Tanga na donge moyoni. Shemeji alikataa siku tatu. Alisema utajua. Mimi nikasema hutajua. Basi. Kosa ni langu, usimgombeze."

"Nilikwambia atajua," Kituku alisema taratibu.

"Na mimi nimeshapika kimanga cha muhogo na maharagwe cha watu sitini," Tryphena akaongeza, akiwa amekasirika kwa jumla, bila kumkasirikia mtu fulani. "Tangu alfajiri nasonga. Sasa nitakipeleka wapi?"

Mtu mmoja alicheka. Kisha mwingine. Kalyanji alicheka mpaka kiti cha kamba kikalia, na kicheko kikazunguka kiwanja kizima. Oduor alijaribu kubaki na hasira yake, maana alikuwa ameilipia, lakini midomo ilimsaliti. Alimtazama yule mwanamke aliyebeba aibu kwenda kumwombea mume wake ushindi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akaona hajui la kumfanya isipokuwa kumpenda.

"Leteni kisu," alisema.

Aliuvuta uzi wake kutoka kwenye roda, akauhesabu kwa mikono, akaukata katikati. Nusu akamkabidhi Kituku. "Uzi mmoja, chupa moja, sufuria moja, kama desturi yetu. Sasa nipige vita. Ukinihurumia tena, sitakusemesha mpaka kufa."

Kituku aliupitisha uzi ule kati ya vidole, akauchungulia, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Oduor machoni. Alikuwa anacheka. "Umepaka tabaka mbili, mwizi wewe! Haya. Nitakukata ufike Tanga kabla ya treni." Tryphena alichana pindo la leso yake kwa meno, akamfunga mumewe vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu.

Rispa alishika roda. "Baba Ajwang'," alimnong'oneza, "sasa sina hila na sina sufuria motoni. Mimi nakuamini tu hivi hivi. Tena ukikatwa ni aibu, sisi ndio wa kulisha, na kimanga kilichopo si chetu."

"Nyamaza, mama, zungusha."

Tiara zilipanda tena. Upepo ulikuwa umeongezeka, jua limeanza kuelekea milima ya Taita, na kila uso ulikuwa juu. Nyekundu ikaikimbilia nyeupe. Nyeupe ikakwepa, ikazunguka, ikaja kutoka nyuma, na safari hii nyuzi zilipogusana mtetemo ulimshuka Oduor mpaka kwenye kiwiko. Aaa! Huo ndio uzi! Alivuta. Kituku naye akavuta. Nyuzi zikalia, na Oduor akahisi uzi wake unaanza kulika, nyuzinyuzi moja moja, kama alivyohisi miaka sita.

Akavuta zaidi.

"Achia!" Rispa alipiga kelele nyuma yake. "Achia, Baba Ajwang'! Unafunga breki!"

Kalyanji alikuwa amemwambia neno hilo miaka sita na hakulisikia. Lakini breki! Breki alizijua. Ni mara ngapi amewafokea vijana wa karakana kwamba ukifunga ghafla gurudumu linasimama na reli inalika, lazima uachie ndipo ushike? Alifungua vidole. Uzi ukaondoka. Ukatoka mbio kwenye roda, Rispa akiiachia izunguke, mikono ya mbao ikivuma, na tiara nyekundu ikachukuliwa na upepo kuelekea magharibi, na uzi wake mrefu ukawa unapita juu ya uzi wa Kituku, mbio, mbio, bila kupumzika, mahali pamoja.

"Uzi unakwisha!" Rispa alisema. Kwa kweli ulikuwa unakwisha. Nusu aliyoitoa ndiyo iliyokuwa inatakiwa sasa. Oduor aliona ubao wa roda ukianza kuonekana chini ya uzi, akasema moyoni, potelea mbali, nusu ile sijutii. Hakuvuta. Mizunguko kumi ikabaki. Mitano. Kituku alikuwa anarudi kinyumenyume akivuta kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, na hakuna hata mtu mmoja kiwanjani aliyefikiri kwamba anahurumia mtu. Mizunguko miwili.

Uzi ulifika mwisho, ukagonga roda, tak, Rispa akayumba, na hapo hapo mkono wa Kituku ukawa mwepesi, akakaa kitako mavumbini.

Tiara nyeupe iliinamisha kichwa, ikageuka mgongo, ikaondoka.

"IMEKWENDAAA!"

Kelele zile zilisikika mpaka Sagalla, walisema waliokuwa Sagalla. Oduor hakujua amebebwa na nani. Alijua tu kwamba yuko juu ya mabega ya watu, anapiga mayowe kwa Kijaluo, na kwamba wa kwanza kumfikia na kumshika mguu, matako yote vumbi, akicheka na kulia, alikuwa Kituku.

"Umenikata!" Kituku alikuwa anapiga kelele. "Watu wangu, amenikata! Huyu!"

Jioni ile kimanga kiliisha mpaka sufuria zikakwanguliwa. Oduor alisimulia kila mzunguko wa roda mara nne, na Kituku alimsahihisha pale alipojipunguzia sifa. Jambo moja tu lilikosekana. Tiara nyeupe ilikuwa imekwenda magharibi kupita macho, na waliokwenda kuitafuta walirudi na miiba bila tiara. Jumapili nzima hakuna aliyeileta.

"Itakuwa imekwenda Bura kusali misa," Kituku alisema. "Iache."

Jumatatu asubuhi walisimama stesheni, mizigo imekwisha pakiwa. Watu waliozoeana kwa kutaniana hawajui kuagana. Kituku alimpa Oduor fito tatu za mwanzi, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Oduor alimpa mfuko wa vioo vya taa. Walishikana mikono, Tryphena na Rispa wakakumbatiana na kulia kwa niaba ya wote, na Danson akapuliza filimbi yake.

Treni ikaondoka. Oduor alikaa dirishani na ushindi wake. Alikuwa ameutaka miaka sita, na sasa anao, na alijisikia kama mtu aliyekula akashiba peke yake. Sababu ya kurudi Voi ilikuwa gani sasa? Hakuwa na shamba pale, wala ndugu, wala deni la mchezo. Alikuwa amemkata Kituku, na kwa kumkata alikuwa amekata na kile kilichokuwa kinawavuta wote wawili. Rispa alisogea, akamshika mkono wenye vidole vilivyochanika.

Walipofika kama maili nne kutoka Voi, Oduor aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyeumwa na siafu.

"Simamisha! Danson! Danson! Ile pale!"

Juu ya mgunga, hatua thelathini kutoka kwenye reli, tiara nyeupe yenye mstari mweusi ilikuwa imekaa juu ya miiba, nzima, inapepea kidogo. Oduor alitoa nusu ya mwili wake nje ya dirisha akipunga mikono, na abiria wa upande ule wote wakaanza kupiga kelele bila kujua ni za nini. Kwenye behewa la mwisho Danson alichungulia, akaona mikono ya Oduor, akaona mgunga, akaona tiara. Danson alikuwa mtu wa tiara kabla hajawa gadi. Alifunga breki.

Ilikuwa breki nzuri, Oduor aliitengeneza mwenyewe. Treni ilisimama katikati ya nyika. Oduor aliruka chini, akakimbia na viatu vyake vya safari, akapanda mgunga ule, akachanika shati na goti, akashuka na tiara mikononi bila kuitoboa hata mahali pamoja. Abiria walimpigia makofi. Danson alitoa daftari lake, akalamba penseli, akaandika kwamba treni ilichelewa dakika sita kwa sababu ya ndovu kwenye reli.

Oduor alirudi kwenye benchi akihema, tiara magotini. Rispa aliitazama, akamtazama mumewe, kisha akaanza kucheka polepole, mkono mdomoni.

"Baba Ajwang'. Wewe ndiye uliyeiokota."

"Mimi ndiye."

"Na sheria inasemaje?"

Alikuwa ameshaifikiria juu ya mti. Irudishwe kwa mwenyewe, kwa mkono wa aliyeiokota, si kwa kutuma mtu. Na alishwe mpaka ashibe, nyumbani kwa mwenye tiara, bila kuulizwa anaondoka lini.

Mwatate treni ilikaa robo saa. Oduor alikimbilia kwa karani wa simu, ambaye mwaka jana alikatwa raundi ya pili na hakuhitaji kuelezwa mengi, naye akagonga ujumbe kwenda Voi: KITUKU. TIARA YAKO NIMEIOKOTA MIMI. ODUOR.

Jibu liliwakuta Taveta. Karani wa huko alikuja nalo mbio kando ya treni akiuliza nani Oduor, nani Oduor, na Oduor akalisoma akiwa amesimama mlangoni: HAIPOKELEWI KWA POSTA. ILETE JANUARI. MAMA ALICE AMESHALOWEKA MAHARAGWE.

Alilisoma mara mbili. Rispa alilisoma naye, kisha wakacheka wote wawili hata machozi yakawatoka, na hawakuyafuta.

Kutoka Taveta treni ilijaa. Wafanyabiashara waliingia na magunia yao, akina mama na vikapu vya ndizi, na bwana mmoja mwenye kofia alisimama mbele ya Oduor, akaonyesha nafasi iliyokuwa kando yake pale dirishani, ambapo ile tiara nyeupe ilikuwa imeegemezwa vizuri, mkia wake umekunjwa.

"Samahani, mzee," bwana yule alisema. "Pana mtu hapa?"

"Ndiyo," Oduor alijibu. "Pana mtu."